Jina la Kuitiwa Chakula

Lewiston, Maine
Jumapili, 17 Januari 1971

Kwa Bibi Sista Albertine,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni Délima, mtoto wa mwisho wa Émilien, yaani mjukuu wa kaka yako. Tumeonana mara moja tu, kwenye mazishi ya Babu. Uliponyoosha mkono unisalimie, nikajificha nyuma ya makoti. Usinihesabie kuwa sina adabu. Ndivyo nilivyo. Nina miaka kumi na tano na watu wakinitazama maneno yananikauka mdomoni, lakini kwenye karatasi nasema mpaka wino unanionea huruma.

Niwie radhi kwa Kifaransa changu. Kwa masista tulisoma asubuhi Kifaransa, mchana Kiingereza, na sasa niko sekondari ambako ni Kiingereza kutwa. Kwa hiyo nina lugha mbili, moja ya kumjibu mwalimu na moja ya jikoni. Jambo ninalokuandikia ni la moyoni, nikaona litakaa vizuri zaidi jikoni.

Dada Fernande atajifungua mwishoni mwa Machi. Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, akasema mbele ya wote kwamba mama wa ubatizo ni mimi. Shemeji Raynald akacheka mpaka supu ya njegere ikampalia.

“Huyu? Padre akimwuliza jina la mtoto si tutalala kanisani?”

“Afadhali yeye asiyesema kuliko wewe usiyenyamaza,” Fernande akamjibu. “Hebu sogeza chumvi.”

Kwetu mama wa ubatizo ndiye anayetoa jina, unajua. Kwa hiyo tulipokuwa tunaosha vyombo Fernande akanivuta pembeni. “Sikiliza, Kidogo.” (Nyumbani wote wananiita Kidogo, hata Mama. Délima ni jina la cheti na la daftari la mahudhurio.) “Sitaki jina la mcheza sinema. Sitaki la mtakatifu aliyechinjwa akiwa na miaka kumi na mitatu. Nitafutie jina la mwanamke wa kwetu aliyezeeka. Aliyezeeka mpaka akachosha watu. Umenielewa?”

Nilimwelewa. Mtoto wake wa kwanza, Exilda, aliishi siku tisa, Mei ya mwaka juzi. Tangu hapo jina hilo halitajwi. Raynald aliteleza siku moja akalitaja, Fernande akainuka mezani akaenda kupiga pasi mashuka aliyokwisha kuyapiga asubuhi.

Baba anasema wewe huko ng'ambo ya mpaka, Trois-Rivières, unaingia kwenye vitabu vya ubatizo vya zamani kama mtu anavyoingia sebuleni kwake. Mimi nimejaribu hapa maktaba. Nimerudi nyuma mpaka kwa babu wa babu wa Babu, halafu jina letu la Vadeboncoeur likapotea kama jiwe kwenye mto. Nisaidie, Bibi. Nitafutie mwanamke aliyezeeka. Na kama una dawa ya kuona haya, niwekee kidogo kwenye bahasha.

Mjukuu wako,
Délima


Trois-Rivières
Sikukuu ya Kandelore, ya kubariki mishumaa, 2 Februari 1971

Mjukuu wangu Délima,

Barua yako imefika tukiwa tunakaanga chapati za maji za sikukuu, nayo ina doa la siagi kwenye neno “Kidogo”. Nakuandikia nimeshiba, nikiwa na furaha.

Kwanza, hukukosa adabu kwenye mazishi. Nami siku ile nilitamani koti la kujifichia.

Pili, jina letu halikupotea, ulikuwa unalitafuta kwenye mlango mmoja wakati nyumba ina milango miwili. Mtu wetu wa kwanza kuvuka bahari kutoka Ufaransa, mwaka 1665, alikuwa askari, Mathurin Gaboriau. Kikosi chake kilikuwa na Mathurin watatu, na sajenti hakuwa na subira, akampa kila mmoja jina la jeshini. Wetu akaitwa Vadeboncoeur, yaani nenda kwa moyo mkunjufu. Utaona padre anaandika “Gaboriau aitwaye Vadeboncoeur”, mara Gaboriau peke yake, mara Vadeboncoeur peke yake, kwa ndugu wa tumbo moja, siku moja. Wao hawakuona taabu. Baadaye jina la ukoo likachoka njiani, la jeshini likafika. Nikiwaza kwamba bila kujua, watu wazima wa kiwandani kwenu wanaitana kila asubuhi kwa amri ya kuwa na moyo mkunjufu, nacheka peke yangu kanisani.

Tatu, ukimtafuta mwanamke, mtafute kwa jina la baba yake. Kwetu huku mwanamke aliolewa, akazaa kumi na wanne, akafukiwa, na padre bado akamwandika kwa jina alilozaliwa nalo. Jina lake halikuwa koti la kuazima.

Sasa huyo mzee wako. Nimempata, na nampenda kama niliyekula naye. Ursule Lemay, mke wa Antoine, mtoto wa Mathurin. Alikufa Machi 1780 akiwa na miaka tisini na moja. Alizika mume, akawaona Waingereza wakiingia, akaendelea kulima vitunguu. Padre aliyemzika ameandika neno moja ambalo halimo kwa wengine: “hatimaye”. Nadhani huyo ndiye aliyechosha watu.

Nakupelekea karatasi sita nilizonakili kwa mkono. Dawa ya haya sina. Miaka arobaini na moja hapa niliitwa Sista Saint-Philibert, jina la askofu mwenye ndevu. Mwaka juzi wakaturuhusu kurudia majina yetu ya ubatizo. Mara ya kwanza mtu aliponiita “Albertine” mezani, sikugeuka. Nilidhani anaitwa mtu mwingine. Mara ya pili niligeuka nikalia kwenye kabeji. Kwa hiyo na mimi haya naijua.

Msalimie mama yako Lauréanne. Mwambie kila Agosti naendelea kuomba kama alivyonituma.

Bibi yako,
Albertine


Lewiston
21 Februari 1971

Bibi Sista,

Tumeangamia.

Nilipopata barua yako nilikimbia kwa Fernande bila hata kufunga viatu. Nikamsomea habari za Ursule, Waingereza, vitunguu, na lile “hatimaye”. Fernande alicheka, Bibi. Alicheka mpaka akashika tumbo, akaniambia nisome tena. “Ursule,” akasema, analionja kama mtu anayeonja mchuzi. “Ursule, toka kwenye matope. Ursule, acha paka wa watu. Linafaa.” Raynald akasema ni jina la mwanamke mwenye masharubu. Fernande akamwambia, “Basi atafanana na mama yako.” Hatujacheka hivyo kwao tangu Mei ile.

Jana Jumamosi, maharage yakiwa jikoni, ndipo nikaketi kusoma karatasi zako moja moja. Ya tatu inasema Ursule, binti wa Michel Lemay na Jeanne Hardouin, kabatizwa tarehe sita Januari 1686. Nikafurahi. Mistari mitatu chini yake inasema Ursule, binti wa Michel Lemay na Jeanne Hardouin, kazikwa tarehe ishirini na tano Januari 1686. Siku kumi na tisa, Bibi! Siku kumi zaidi ya Exilda.

Kwa hiyo yule aliyekufa mzee si Ursule wetu. Ni mtu mwingine, labda tumeunganisha ukoo na watu wasiotuhusu. Na mimi nimekwisha kumpa dada yangu jina la kitoto kilichokufa, na amelipenda, na Raynald tayari analiimba akinyoa ndevu. Nitamwambiaje? Tangu jana sijala. Nilijaribu kusema mbele ya kioo, “Fernande, nimekosea,” sauti haikutoka hata kwa kioo.

Salamu zako kwa Mama nilizifikisha. Nilipofika kwenye neno la Agosti aliinuka akaenda kuangalia jiko, na jiko lilikuwa halina kitu. Nilimwuliza ni maombi gani. Akasema, “Mambo ya watu wazima, Kidogo. Kalete kuni.” Sisi hatutumii kuni, Bibi. Tunatumia gesi.

Nijibu upesi.

Délima


Trois-Rivières
3 Machi 1971

Délima, mtoto wangu,

Kula. Kisha geuza karatasi ya tatu.

Hukuigeuza, sivyo? Mimi nanakili pande mbili, maana mama mkuu wetu hapa konventini anahesabu karatasi kama hostia za komunyo. Nyuma yake utamkuta Ursule, binti wa wazazi walewale, kabatizwa Februari 1687, na huyo akaishi miezi mitano. Na chini yake kabisa Ursule, binti wa wazazi walewale, kabatizwa tarehe kumi na saba Desemba 1688. Huyo ndiye wetu, mwenye vitunguu na miaka tisini na moja.

Nisamehe kwa kutokueleza. Kwa watu wa umri wangu jambo hili ni kama kusema maji yana unyevu. Mtoto alizikwa, jina halikuzikwa. Lilikaa ndani ya nyumba likingoja, na anayefuata akalichukua. Kila mtu alimjua somo wake, mwenye jina lake aliyemtangulia, na usiku wa Watakatifu Wote alimwombea. Wageni wakisoma vitabu vyetu hukosea papo hapo ulipokosea wewe. Hukuta kaburi, wakafunga kitabu, wakasema ukoo umekatika. Kumbe ulikuwa unavuta pumzi.

Lakini nataka umtazame mtu mwingine. Tazama mama wa ubatizo. Wa kwanza: Perrine Gouyon. Wa pili: Perrine Gouyon. Wa tatu: Perrine Gouyon. Nimepima kwenye ramani. Alikaa maili nane upande wa chini wa mto, na mara zote tatu ilikuwa majira ya baridi, mto umeganda. Mwanamke huyo alikuja juu ya barafu akambeba mtoto, akatoa jina. Mtoto akafa. Mwaka uliofuata akaja tena juu ya barafu, akatoa jina lilelile. Akafa naye. Jaribu kuwaza, Délima, ni nini kilikuwa moyoni mwake safari ya tatu, padre alipomwuliza mtoto huyu aitwe nani. Mimi ningenyamaza. Ningesema Catherine. Yeye akasema Ursule.

Mwishoni padre ameandika kwamba mama wa ubatizo hakutia sahihi, kwa kuwa hajui kuandika. Hakuweza kuandika jina lake, lakini aliweza kulilinda la mwenzake mpaka likazeeka. Nimesoma maisha ya watakatifu wengi, na ni wachache niliowavulia kofia kama huyu.

Basi usiogope kumwambia Fernande. Nani ajuaye jambo hili kuliko wewe, ambaye ni Délima wa pili? Kwa kuwa umeanza kukusanya, nakufungia na karatasi ya somo wako, kutoka kitabu cha parokia ya Sainte-Émérance, upate kuiweka mahali pake.

Bibi yako,
Albertine


Lewiston
9 Machi 1971

Bibi Sista,

Sikujua.

Karatasi uliyonifungia inasema Marie Délima, binti wa Émilien Vadeboncoeur na Lauréanne Thifault, amezikwa tarehe kumi na nne Agosti 1954, akiwa na miezi kumi na minne. Mimi nimezaliwa tarehe kumi na mbili Machi 1955. Ijumaa hii natimiza miaka kumi na sita. Nilisoma nikadhani ni mimi. Kwa muda mfupi kabisa, nikiwa nimesimama jikoni na tufaha mkononi, nilidhani nimekufa na hakuna aliyeniambia.

Nikaenda kwa Fernande. Alikuwa na miaka minane wakati ule. Akaitazama karatasi, akasema, “Tuliambiwa tusiseme.” Basi. Kumbe na yeye alijua.

Sasa naelewa kwa nini mimi ni Kidogo. Miaka kumi na sita Mama hajawahi kuniita Délima, hata akiwa amekasirika. Lile jina lina mwenyewe. Mimi nimelivaa tu, kama sketi ya binamu.

Siwezi kuwa mama wa ubatizo. Mtu asiye na jina lake hawezi kumpa mwingine. Nimemwambia Fernande, akaendelea kukunja nepi. Usinijibu nawe kama huna nafasi.

D.


Trois-Rivières
13 Machi 1971

Mtoto wangu,

Jana nimeshinda nikikuombea, siku yako ya kuzaliwa, na sehemu kubwa ya maombi ilikuwa kuomba radhi kwa ujinga wangu. Nilidhani kila nyumba imeendelea kufanya kama tulivyofanya, kumwambia mtoto. Sikujua kwamba huko ng'ambo ya mpaka desturi ilibaki nusu. Jina mlilichukua, maneno mkayaacha.

Sitabishana nawe. Nakupelekea tu kitu ambacho si changu kukupa, nami nitakijibia mbele ya mama yako na mbele ya Mungu, na sijui nani ataanza. Ni barua aliyoniandikia Lauréanne miaka kumi na sita iliyopita. Isome, halafu umpe mwenyewe.

Albertine

*

Lewiston, 20 Machi 1955

Sista Saint-Philibert,

Nimejifungua salama, binti, ratili saba. Émilien alitaka aitwe Jacqueline. Wifi zangu wote walitaka Jacqueline. Nimekataa. Nimempa Délima, na watu wananitazama kama niliyepotewa na akili.

Wanadhani nataka kumrudisha yule. Sista, mimi nilimvisha yule mwenyewe, najua hajarudi. Huyu ana masikio mengine na hasira nyingine kabisa. Lakini jina lile lilikuwa bado jipya. Miezi kumi na minne tu. Halikuwa limechakaa hata pembeni. Halijaitwa barabarani, halijaandikwa kwenye daftari, halijaitiwa chakula mara za kutosha. Sikuweza kuliacha pale ardhini likiwa zima namna ile. Nimempa huyu alitumie mpaka liishe.

Shida ni kwamba nikifungua mdomo kulitamka, sauti haitoki. Nimejaribu nikiwa peke yangu nikimnyonyesha. Itakuja, nadhani. Wakati huu namwita Kidogo. Kila Agosti mwombee yule, na miezi mingine uniombee mimi sauti.

Lauréanne


Lewiston
30 Machi 1971

Kwa Sista Albertine,

Nilikukasirikia siku nne. Ya tano nikachoka, nina nguo za watu za kushona.

Umetoa barua yangu bila ruhusa. Ungekuwa karibu ningekupigia kelele, mtawa au si mtawa. Mtoto aliiweka kwenye meza, mbele ya sahani yangu, akakaa upande wa pili akiangalia kitambaa cha meza. Hakusema neno. Ana ulimi kama wangu, huyo. Tulikaa hivyo mpaka viazi vikaungua, na Émilien akaingia akauliza nani amekufa. Nikamwambia, “Délima, Agosti ya hamsini na nne. Kaa chini.” Ndiyo mara ya kwanza nimelisema ndani ya nyumba hii. Lakini nilikuwa nalisema la yule. La huyu bado limekwama hapa kooni, na yeye anajua.

Fernande amejifungua jana asubuhi. Binti. Ratili sita na nusu, analia kama filimbi ya kiwanda. Ubatizo ni Jumapili baada ya Pasaka. Fernande anasema mama wa ubatizo ni yuleyule aliyemchagua, na asipokuja, mtoto atabaki mpagani na dhambi iwe juu yako.

Endelea na Agosti. Na miezi mingine pia, maana naona hukumaliza kazi.

Lauréanne


Lewiston
Jumamosi, 24 Aprili 1971

Bibi yangu Sista Albertine,

Nimekuandikia barua hii mara tatu kichwani na sasa naiandika kwa haraka, kwa kuwa nina mengi na mkono mmoja, mwingine umelaliwa.

Siku mbili kabla ya ubatizo nilikwenda kwa Fernande kumwambia kweli yote ya Ursule. Nilikuwa nimeikariri. Nikasema walikuwa watatu. Nikasema wawili walikufa, na kwamba jina alilolipenda lilikwisha kuzikwa mara mbili kabla halijazeeka. Nilitazama kochi muda wote. Yeye alikuwa ananyonyesha. Akauliza kitu kimoja tu: “Huyo Perrine. Alipokuja mara ya tatu, mama wa mtoto alimwambia nini?”

Nikasema vitabu haviandiki.

Alimhamishia mtoto titi la pili. Kisha akasema, “Sikia. Usiniambie jina. Lolote ulilochagua, lisemee kanisani. Nikilisikia kabla ya hapo, nitakimbia.”

Bibi, mimi nilikuwa sijachagua. Nilikuwa na Ursule mfukoni na lile lingine kooni, kama Mama. Usiku ule na uliofuata nilimwaza Perrine na barafu yake. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema barafu ni nyembamba.

Jumapili asubuhi nikaenda kumchukua mtoto, maana mimi ndiye wa kumbeba. Raynald alikuwa anafunga tai mbele ya kioo. “Mama wa ubatizo, sauti umekuja nayo au umeisahau kwenye koti?” Nikamtazama upara, nikamwambia iko pale alipoacha nywele zake. Alinigeukia mdomo wazi. Fernande akapiga makofi ya furaha chumbani. Kisha akatoka na mtoto, na hapo mimi ndiye niliyebaki mdomo wazi.

Alikuwa amemvisha gauni la ubatizo lenye ndege wadogo wa kutariziwa pindoni. Unajua ni lipi? Huwezi kujua, hukuwapo. Ni lile alilovaa Exilda. Liliwekwa kwenye sanduku la mwerezi Mei ya mwaka ule, na Fernande aliutupa ufunguo mtoni, sote tulimwona. Raynald akaninong'oneza, “Amevunja kufuli kwa patasi yangu. Asubuhi na mapema.” Fernande alinitazama machoni. Hakusema kitu. Nami nikajua kwamba mama yule wa mwaka 1688 pia hakusema kitu, alimvisha tu mtoto akamkabidhi.

Kanisani wote walikuwapo, hata wakwe, hata mama yake Raynald mwenye masharubu. Padre Théberge anafuata taratibu mpya, sasa wanaoulizwa ni wazazi. Akauliza, “Mmempa mtoto huyu jina gani?” Fernande akanielekeza kwa kidevu. “Mwulize huyu, Padre.” Padre akanigeukia. Kanisa lote likanigeukia. Nilisikia benchi zikilia.

Bibi, nitakuungamia jinsi ilivyokuwa. Maneno yalikauka kama siku zote. Nikahesabu ndege kwenye pindo. Nikafika wa saba. Raynald akakohoa. Na hapo nikawaza, yule mwanamke hakujua kuandika hata jina lake mwenyewe, mimi nina lugha mbili nzima na ninasimama hapa kama nguzo. Na nikakumbuka kwamba kwa desturi yetu hatutoi jina moja. Tunatoa matatu, la Maria kwanza, la mama wa ubatizo katikati, la kuitiwa mwisho. Maana yake ni kwamba nilipaswa kulitaja langu kabla ya la mtoto. Mbele ya Mama. Aliketi benchi la pili, glavu nyeusi, ameshika mkoba kama usukani.

Nikasema, “Marie Délima Exilda.”

Sauti ilitoka, Bibi. Ilitoka kubwa mno, kama ya mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Ilifika kwenye dari ikarudi. Padre akaruka kidogo. Mama yake Raynald akajifanyia ishara ya msalaba. Fernande alifumba macho, na nikaona mabega yake yakishuka, yale mabega aliyoyapandisha miaka miwili. Kisha akasema polepole, akimwambia mtoto, si sisi, “Exilda. Umesikia? Exilda.” Na mtoto akapiga yowe lake la kiwandani kama anayeitika.

Mama sikumtazama. Nilishindwa. Wakati wa kutoka alipita karibu yangu, akaniwekea sawa kola, akasema, “Umesimama vizuri.” Hakuongeza jina. Nilijiambia si neno. Perrine alikwenda mara tatu, mimi nimekwenda mara moja.

Kwenye kitabu nilitia sahihi, jina lote, kwa herufi kubwa kubwa. Nilitaka atakayenakili mwaka 2250 asipate taabu. Na chini ya sahihi yangu, kwa penseli nyepesi ambayo Padre hakuiona, nikaandika P. Gouyon. Najua si halali. Niombee.

Sasa ni Jumamosi, na Exilda ndiye aliyeulalia mkono wangu wa kushoto, Fernande ameniachia mpaka jioni. Ana kichwa chenye joto kama mkate. Sijui kama atazeeka. Hakuna anayejua, na karatasi zako hazisemi mapema. Ila nalitumia jina lake kila ninapopata nafasi, bila sababu, ili likianza kuchakaa lichakae kwa kutumiwa. Exilda, tazama dirisha. Exilda, hiyo ni pua yangu.

Karatasi ya somo wangu nimeiweka mahali pake kwenye daftari la ukoo, ukurasa wangu, juu ya jina langu. Tumekaa vizuri. Agosti nitamwombea mimi mwenyewe, lakini wewe usiache, tusaidiane.

Nilitaka kukuuliza pia kuhusu Mathurin wengine wawili, walipewa majina gani na yule sajenti, na kama

Samahani, nimekatizwa. Kuna mtu anaita kutoka jikoni. Nilikaa nikingoja Fernande aitike, au Baba, nikidhani anaitwa mtu mwingine. Kisha nikakumbuka Fernande hayupo, na Baba yuko kiwandani.

Ameita tena. Sauti ina mkwaruzo, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

“Délima! Délima, njoo, maharage yanapoa!”

Naenda, Bibi. Naitwa.